Spishi idadi moja, viwanja havifanani: maswali yenu kuhusu kupima anuwai ya kiutendaji

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu namna wanaikolojia wanavyopima nani anafanya nini ndani ya jamii ya viumbe, badala ya kuhesabu majina peke yake, na maswali yakamiminika. Mengi ni ya wanafunzi walio katikati ya utafiti (poleni), machache ni ya watu wanaotaka kujua tu. Nimechukua haya sita.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko shahada ya pili. Nina viwanja viwili, kila kimoja kina spishi 14 za mimea na nikipiga hesabu za kawaida za bioanuwai vinatoka karibu sawa, lakini ukivitazama kwa macho ni vitu viwili tofauti kabisa. Msimamizi kaniambia "kapime anuwai ya kiutendaji" halafu kaondoka zake. Nikitafuta nakuta vipimo kibao, FRic, FEve, FDiv, FDis, Rao, sijui nishike kipi. – *Aliyekwama*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hivyo vipimo havishindani, kila kimoja kina swali lake, na wanaokwama wengi wamekwama kwa sababu wanatafuta kipimo wakati swali bado hawajalipata.

Kwanza kwa nini hesabu za kawaida zimekuangusha. Zenyewe zinachukulia kila spishi iko mbali na mwenzake kwa umbali ule ule. Nyasi mbili zenye urefu mmoja, majani ya aina moja, mizizi inayofika kina kimoja, zinahesabiwa mbili, na nyasi moja na mmea mmoja wa jamii ya mikunde unaopata naitrojeni ya hewani kupitia bakteria wa mizizini nazo ni mbili vile vile. Anuwai ya kiutendaji inauingiza huo umbali ndani ya hesabu, na umbali tunaupata kwenye sifa: urefu wa mmea, uzito wa mbegu, ukubwa wa mdomo kwa ndege, urefu wa ulimi kwa nyuki, chochote unachoweza kukipima kwa kiumbe mmoja mmoja na kinachogusa namna anavyokua, anavyozaa au anavyobaki hai.

Tupige mfano kwa mkono, namba nimezitunga ili zigawanyike vizuri. Spishi tatu za nyuki, ndimi zao milimita 2, 6 na 12. Wa milimita 2 anakula kwenye maua yaliyofunguka wazi tu, wa 12 anaifikia nekta iliyo chini kabisa ya maua marefu ya mrija, wa 6 yuko kati kati. Tofauti kubwa kuliko zote ni 10, kwa hiyo gawanya kila tofauti kwa 10: wa kwanza na wa pili 0.4, wa pili na wa tatu 0.6, wa kwanza na wa tatu 1.

Kipimo cha Rao (C. R. Rao, mtakwimu mzaliwa wa India, alikitoa 1982, na 2005 Botta-Dukát akakipigia debe kwa wanaikolojia wanaopima sifa za viumbe) kinauliza swali rahisi tu: ukikamata nyuki mmoja bila kuchagua, ukamwachia, ukakamata tena, kwa wastani hao wawili wanapishana kiasi gani? Unazidisha sehemu ya spishi hii kwa sehemu ya ile kwa umbali wao, unajumlisha jozi zote, halafu unazidisha kwa mbili maana kila jozi inaweza kuja kwa mpangilio wa namna mbili.

Eneo la kwanza, kila spishi ni theluthi moja ya nyuki wote. Rao inatoka 0.44 na wastani wa ulimi uliopimwa kwa wingi (kila spishi inahesabiwa kwa kadiri ya wingi wake) ni milimita 6.7. Eneo la pili, spishi ni zile zile tatu ila huyu wa kati kajazana, ni asilimia 80, wenzake asilimia 10 kila mmoja. Wastani unatoka 6.2, yaani umesogea kidogo sana, upana wa ndimi ni ule ule milimita 10, lakini Rao imeporomoka hadi 0.18! Idadi ya spishi haikukwambia kitu, upana haukukwambia kitu, wastani umenong'ona tu.

Eneo la tatu mtoe kabisa yule wa kati, waliobaki wagawane nusu kwa nusu. Rao sasa ni 0.5. Umeona? Spishi zimepungua kutoka tatu hadi mbili na anuwai imepanda kutoka 0.44. Hapo watu wengi huwa wanadhani wamekosea maagizo waliyoiandikia kompyuta wanarudi kuhangaika nayo usiku kucha, kumbe kipimo kinafanya kazi yake: waliobaki ndo wako mbali zaidi, na yule aliyetoka alikuwa anavuta kila kitu kwenda katikati.

Sasa rudi kwa swali lako. Kama unataka kujua kazi fulani inafanyika kwa kasi gani, mfano majani yaliyodondoka yanaoza upesi kiasi gani, anza na wastani wa sifa uliopimwa kwa wingi, kwa sababu mara nyingi anayeamua ni yule aliyejaa, Grime aliliweka hilo wazi 1998 na Garnier na wenzake 2004 wakatuonyesha namna ya kulipima. Kama unataka kujua wamesambaa kiasi gani, chukua Rao au FDis, ambayo Laliberté na Legendre waliileta 2010 na inapima umbali wa wastani wa spishi kutoka kitovu cha jamii nzima, kitovu chenyewe kikiwa kimevutwa na wenye wingi. Chukua moja, hizo mbili zinakwenda pamoja karibu kila mara na ukiziripoti zote unajaza jedwali tu. Kama hoja yako ni upana wa mikakati iliyopo bila kujali nani ni wengi nani ni wachache, hapo FRic. FDiv inaangalia kama wenye wingi wamekaa pembeni au katikati ya ule upana. FEve, inayoangalia kama wamepangana kwa nafasi sawa, mi huwa naiacha mpaka mtu aniambie anaitakia nini, maana inapanda na kushuka kwa sababu ambazo msomaji wa tasnifu yako hawezi kuzifuata.

Kwa viwanja vyako ningeanza na wastani na FDis, sifa moja moja kwanza, ndipo zote pamoja. Ukianza na zote pamoja ukaona tofauti hutajua imeletwa na nini.

SWALI: Kwani si mngegawa tu viumbe kwenye makundi mkamaliza? Nyasi hapa, mikunde pale, miti kule, unahesabu makundi. Haya mahesabu yote ya nini? – *Mkulima mstaafu*

JIBU: Mzee wangu, hilo si wazo la kudharau, ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi na ilifanya kazi kubwa. Jaribio la Tilman na wenzake kule Cedar Creek, Minnesota, Marekani, lililochapishwa 1997, lilikuwa na viwanja 289 vya mita 13 kwa 13, wakabadilisha idadi ya spishi na idadi ya makundi, na walichokuta ni kwamba makundi yapi yapo na ni mangapi ndo vilieleza zaidi uzalishaji na hali ya naitrojeni kuliko idadi ya spishi peke yake. Kwa makundi tu, bila fomula ngumu.

Shida inakuja hapa: mpaka wa kundi anauchora mtafiti. Mimea miwili ikiwa ndani ya kundi moja unasema haina tofauti yoyote, na ikiwa makundi mawili unasema iko tofauti kabisa, wakati sifa zenyewe zinateleza taratibu bila kukatika. Petchey na Gaston 2002 walijaribu kuukwepa huo ukataji, wakachora mti wa mfanano kutoka kwenye sifa halafu wakajumlisha urefu wa matawi yote bila kukata mahali popote. Siku hizi mti huo hautumiki sana kwa sifa, ila wazo lake ndo limezaa vipimo vingi tulivyonavyo. Kama una daftari tu na huna mizani wala skana, makundi bado yanafaa, andika tu uliyagawa kwa kigezo gani.

SWALI: Nimepakua sifa 23 za mimea yangu kutoka hifadhidata. Nitumie zote si ndo bora? Data nyingi si tatizo. – *Bingwa wa kupakua*

JIBU: Ni tatizo, tena kubwa. Zingine humo zinasema jambo moja kwa sauti tofauti. Eneo la jani kwa gramu, naitrojeni ya jani, maisha ya jani, zote zinakwenda pamoja, mimea yenye majani membamba ya bei rahisi inakua haraka na majani yake hayadumu, yenye majani mazito inakwenda polepole na majani yanadumu. Mwaka 2004 Wright na wenzake walionyesha mstari huo kwa mimea ya dunia nzima. Ukitia sifa tano za mstari mmoja na sifa moja ya mbegu, umepiga kura tano kwa jani na moja kwa mbegu, na kompyuta haitakuuliza.

Halafu kuna hesabu yenyewe. FRic ni ujazo wa umbo linalozizunguka nukta zote, kila spishi nukta moja, kila sifa mhimili mmoja. Lazima spishi ziwe nyingi kuliko mihimili, kwa sifa 23 kiwanja cha spishi 14 hakina umbo lolote. Programu itajiokoa kwa kupunguza mihimili yenyewe, kimya kimya au kwa ujumbe ambao hakuna anayeusoma, na wewe unaripoti namba ya kitu ambacho hukukichagua.

Díaz na wenzake 2016 walichukua sifa sita tu kwa spishi zaidi ya 46,000, na karibu robo tatu ya tofauti zote ikaingia kwenye mihimili miwili: ukubwa wa mmea na viungo vyake upande mmoja, uchumi wa jani upande wa pili. Sita! Kwa hiyo chagua tatu, nne, tano, kila moja uweze kuitetea kwa sentensi moja inayoiunganisha na kazi unayoichunguza. Kama unachunguza uchavushaji, rangi ya ua na kina cha mrija vina maana, unene wa gome hauna maana, hata kama data zake ni kamilifu kuliko zote.

Na ziangalie kabla ya kuzitia. Uzito wa mbegu unaanzia vumbi hadi kilo, usipouweka kwenye logi (logariti) mbegu moja kubwa itabeba matokeo yote peke yake.

SWALI: Zangu zimechanganyika: urefu ni namba, aina ya tunda ni majina, kuota tena baada ya moto ni ndiyo au hapana. Nitapataje umbali? – *Dada wa msituni*

JIBU: Umbali wa Gower dada, upo tangu 1971 na haujachoka. Kwa namba unachukua tofauti ukaigawanya kwa upana wa sifa hiyo, kwa majina ikiwa ni sawa unaweka 0 na yakipishana 1, mwishoni unachukua wastani. Pia inavumilia pengo, sifa isiyo na data inarukwa kwa jozi hiyo tu.

Mtego wake ni huu. Sifa ya majina ikipishana inapiga 1 nzima, na sifa ya namba karibu kila mara inapiga chini ya hapo, kwa hiyo ile ya ndiyo au hapana inatawala bila wewe kutaka. Na ukiivunja aina ya tunda kuwa safu nne za ndiyo au hapana umeipa kura nne. Njia ya kwanza ni kuzipa safu hizo uzito wa robo robo. Njia ya pili ni kifurushi cha gawdis kwenye R, ile programu ya takwimu, cha de Bello na wenzake 2021, ambacho kinatafuta uzito utakaofanya kila sifa ichangie sawa. Mi nakipenda hicho, ila tazama uzito kiliokupa, usikipokee tu.

SWALI: Kila nikiongeza spishi FRic inapanda. Sasa hii si kuhesabu spishi kwa njia ndefu? – *Mbishi*

JIBU: Umeuliza vizuri kuliko wahakiki wengi. FRic kwa spishi mpya inaweza kubaki ilipo au kupanda, kushuka haiwezi, kwa hiyo kiwanja chenye spishi 40 kitakuwa na FRic kubwa kuliko cha spishi 12 karibu kila mara na hilo pekee si habari. Tena spishi moja ya ajabu, hata kama ni mche mmoja tu, inaweza kulivuta umbo zima.

Dawa ni kulinganisha na bahati nasibu. Shika jedwali la sifa, changanya majina ya spishi kama karata, kila jina lipate sifa za mwingine ila safu nzima ya sifa iende pamoja, halafu piga FRic upya kwa kiwanja kile kile. Rudia mara 999. Sasa una FRic 999 za kiwanja chenye idadi ile ile ya spishi lakini sifa zimepangwa ovyo. Toa wastani wake kwenye FRic yako halisi, gawanya kwa mkengeuko sanifu wa hizo 999. Ikitoka karibu na sifuri, ulikuwa unahesabu spishi kweli. Ikitoka chini ya -1.96 au juu ya 1.96, kuna jambo.

Chini maana yake spishi zinafanana kuliko bahati ingetoa, na watu hukimbilia kusema mazingira yamechuja, ukame umewaacha wenye majani magumu tu. Inawezekana. Ila Mayfield na Levine 2010 walionyesha kwamba ushindani nao unaweza kuacha wanaofanana, kama kigezo cha kushinda ni kimoja, mathalan urefu kwenye mwanga, wafupi wote wanaondolewa na wanaobaki wanafanana. Namba ni ile ile, visababishi viwili. Kwa hiyo andika mpangilio ulivyo, kisababishi kitafute kwa data nyingine.

Na karata zako umezitoa wapi? Ukichanganya kwa spishi za viwanja vyako tu utapata jibu moja, ukichanganya kwa spishi zote za ukanda mzima utapata jingine, mara nyingi hasi zaidi. Yote mawili ni halali, ila nimeona kazi nyingi ambazo hazisemi hata neno moja kuhusu hilo.

SWALI: Hifadhidata ipo, kwa nini nijitese kukata majani mwenyewe? Na kama ni lazima, jani linapimwaje? – *Mvivu mwenye sababu*

JIBU: Hifadhidata ni hazina, TRY ya mimea ipo tangu 2007, na kwa ndege AVONET ya 2022 imegusa spishi 11,009, yaani ndege wote. Kama unalinganisha mabara, chukua huko ulale. Kama unalinganisha viwanja viwili vilivyo jirani, kimoja kinachungwa na kingine hakichungwi, hapana, kwa sababu hifadhidata inakupa namba moja kwa spishi, kwa hiyo nyasi iliyo kwenye viwanja vyote viwili itakuwa haijabadilika hata kama kwa macho yako moja imefika magotini na nyingine imelala chini. Siefert na wenzake 2015 walikusanya tafiti nyingi wakakuta kwa wastani kama robo ya tofauti za sifa ndani ya jamii za mimea zinatoka ndani ya spishi yenyewe. Hiyo robo unaitupa. Suluhu ya kati ni kupima mwenyewe spishi zenye wingi, zile zinazobeba kama asilimia 80 ya kiwanja, kwenye kila kiwanja, na hizo adimu uziazime.

Jani lenyewe si kazi ngumu, ni kazi ya uvumilivu tu. Chagua majani yaliyokomaa juzi juzi, yaliyofunguka kabisa, yanayopigwa na jua, yasiyotobolewa na wadudu, kutoka mimea kumi hivi tofauti ya spishi hiyo. Kumi kutoka mche mmoja hayafai, hayo ni mche mmoja tu umeurudia. Weka kwenye mfuko wenye unyevu mahali pa baridi, jani likinyauka linajikunja na eneo linapungua. Lilaze kwenye skana, lisijikunje pembeni, piga picha, programu ihesabu eneo la upande mmoja. Kikonyo ukikiacha kiwepo kwa spishi zote, ukikitoa kitoke kwa zote, na uandike. Halafu oveni nyuzi 70 saa 72, pima uzito likitoka tu maana linafyonza unyevu wa hewa upesi sana.

Jani la milimita za mraba 3,000 lenye uzito mkavu wa miligramu 200 linakupa milimita za mraba 15 kwa kila miligramu, ndiyo ile sifa ya eneo la jani kwa uzito. Wengine wanaandika kwa mita za mraba kwa kilo, usihangaike kubadili, namba ni ile ile 15.